Ufalme Wenye Raia Mmoja

Katika chumba kile cha ushonaji, nyuma ya duka la vyombo, kila mtu alikuwa na cheo isipokuwa mama mmoja. Mwenye chumba, ambaye ndiye mkata nguo, aliitwa Sultani. Mzee wa cherehani iliyo karibu na mlango alikuwa Waziri. Mpiga pasi alikuwa Liwali, kwa sababu alitawala jimbo la joto na mvuke, na mtu hakuingia jimboni humo akatoka mkavu. Msichana wa vifungo aliitwa Binti Mfalme, ingawa baba yake alikuwa fundi wa mabomba na hakuwa na habari kwamba ametawazwa.

Aliyebaki ni yule mama, mjane mtu mzima, mshona mapindo na nembo. Yeye aliitwa Raia.

Si kwamba alinyimwa cheo. Siku alipoanza kazi, Sultani alimtandazia vyeo kama mtu anayemtandazia mteja vitambaa. "Chagua, mama. Kuna Jumbe. Kuna Mwinyi. Kuna Mtemi, hicho hakijaguswa tangu tufungue. Ukipenda vya ng'ambo kuna Lodi, ila hicho nadhani ni cha kiume."

Mama alikuwa anatafuta pa kutundika mkoba wake. "Bwana, Mfalme ninayemjua mimi ni mmoja, yuko juu, na hagawi vyeo kwenye chai. Nipe kazi nishone. Hivyo vingine gawaneni nyie."

Sultani alicheka mpaka akaweka mkasi chini. "Basi wewe ni raia. Na tulikuwa hatuna hata mmoja. Tulikuwa tunatawalana wenyewe kwa wenyewe."

Tangu hapo ufalme ukanoga. "Raia, Liwali ana kiu." "Raia, Waziri kaangusha bobini, iko upande wako." Naye aliwapa maji na kuwaokotea bobini, kwa kuwa angefanya hivyo hata wasingekuwa na vyeo. Akija na karanga zake ndani ya karatasi, walipita mmoja mmoja kuchukua kodi, kila mtu konzi kwa kadiri ya ukuu wake. Mwisho wa kodi, mwenye karanga hubakiwa na maganda na shukrani. Hakununa. Alikuwa akizikaanga nyingi makusudi.

Vyeo vyenyewe havikuwa majina matupu. Kila kimoja kilikuwa na haki yake. Sultani peke yake ndiye aliyeruhusiwa kupaza sauti. Waziri alimiminiwa chai kwanza. Liwali aliamua feni itazame wapi, na daima ilimtazama Liwali. Binti Mfalme aliweza kuchelewa asubuhi akasema tu, "Nilikuwa najipamba," na kesi ikaisha. Hata Raia alikuwa na haki moja, ambayo Waziri aliikumbuka kwa sababu Waziri alikumbuka kila jambo lisilo na faida: siku akitaka kusema neno mbele ya baraza, lazima asikilizwe kabla chai haijapoa. Haki hiyo hakuwahi kuitumia. Hakuwa na neno.

Sasa kilikuwepo kiti. Dada yake Sultani, mshona kola, alikinunua mnadani zamani, kiti kipana cha kitambaa chekundu chenye mikono ya mbao iliyochongwa, akakiweka dirishani akakaa humo miaka yake yote ya kazi. Yeye ndiye aliyekuwa Malkia. Alipoondoka kwenda kulea wajukuu, kiti kilifunikwa shuka, na sheria ikawa hivi: pale dirishani ni mahali pa Malkia, na asiye Malkia asipakalie.

Raia alikuwa akikitazama kiti kile kutoka kwenye kona yake, kati ya meza ya pasi na rafu ya majora. Hakuwa mtu wa kutamani viti. Tatizo ni kwamba macho yake yalikuwa yanamkimbia.

Yalianza kidogokidogo. Tundu la sindano, ambalo tangu utotoni alilijua kama anavyojua mlango wa nyumba yake, likaanza kucheza kibe. Akiusogeza uzi huku, tundu liko kule. Katika kona yake kulikuwa na balbu moja iliyosinzia kuliko Liwali, na mvuke wa pasi ukipita mbele yake alishona kwa kupapasa. Alijifunza hila. Alimwambia Binti Mfalme, "Mwanangu, nitilie uzi, vidole vina mafuta ya karanga." Kesho yake vidole vilikuwa na baridi. Keshokutwa vikafa ganzi. Ndani ya mkoba alikuwa na miwani ya marehemu mume wake, iliyomsaidia kiasi nyumbani akiwa kwenye mwanga wa uani. Chumbani mule hakuthubutu kuitoa.

Alikuwa na sababu. Kabla yake palikuwepo fundi wa kofia aliyeanza kushona pembeni ya mstari. Sultani hakumfokea. Alimshika mkono kwa upole, akamwambia, "Nenda kapumzike nyumbani kidogo, nitakuita." Mpaka leo yule fundi anapumzika. Raia alikuwa na mjukuu anayemsomesha na paa la kulitunza, na wala hakuwa amechoka. Neno kupumzika lilimtisha kuliko simba.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kukanyaga cherehani, alifumba macho akaomba kimya: "Mola wangu, unajua sikitaki kile kiti. Nataka mwanga uliokikalia. Wewe ndiye mwenye njia."

Na si yeye peke yake aliyekuwa na haja na dirisha. Muuza mikate alipita barabarani kila asubuhi na baiskeli yenye kengele, kijana mrefu mwenye kofia iliyokaa upande, na kengele ile ilipolia Binti Mfalme aliangusha vifungo. Vifungo hivyo vilikuwa na tabia ya kubingirika kuelekea dirishani. Msichana huvifuata, huinama, huchelewa kuinuka.

"Vifungo vyangu vinataka Malkia," alisema siku moja, akiwa bado ameinama.

"Vinataka mkate," Liwali akamjibu.

Basi ikaja kazi ya hoteli. Makoti ya mabawabu, mekundu yenye kola nyeusi, na kila koti lishonewe kifuani nembo ya hoteli, taji dogo la uzi wa dhahabu. Nembo zilikuja tayari, zimefungwa pamoja. Kwa kuwa kazi ilikuwa ya haraka, Sultani aliigawa: makoti nusu kwa Raia, nusu kwa Binti Mfalme. Siku hiyo kulikuwa na mawingu, na balbu ya kwenye kona iliwaka ikizimika kama mtu anayekonyeza. Raia alishona kwa vidole. Aliipapasa nembo, akakuta upande mmoja umenyooka na upande wa pili una ncha tatu. Akaiweka jinsi alivyoona inafaa, akaishona kwa mishono midogo ya kubana, iliyomfanya asifiwe mji mzima.

Asubuhi yake akaja msimamizi wa hoteli mwenyewe, mtu nadhifu, viatu vinang'aa, kuchukua mzigo. Alivaa koti moja apime, akasimama mbele ya kioo. Akajitazama. Akasogea. Akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Fundi," akamwita Sultani, "hili taji mbona limesimama kwa kichwa?"

Sultani alikuja na futi yake shingoni, akatazama. Akafunua koti la pili, la tatu. La nne lilikuwa sawa, la tano limepinduka. Nusu ya makoti yalikuwa na mataji yaliyosimama, nusu yalikuwa na mataji yaliyoanguka kifudifudi.

"Nani," Sultani akasema kwa sauti aliyoruhusiwa yeye peke yake, "amepindua ufalme?"

Hakuna aliyecheka, maana mgeni alikuwepo. Ila mgeni mwenyewe masharubu yalimtikisika. Waziri akamvutia stuli. "Keti, bwana, wewe utakuwa Balozi. Hapa likitokea jambo kubwa linakaliwa baraza. Chai inakuja."

"Mimi nina haraka," akasema Balozi, lakini aliketi.

Raia aliwasha jiko, akamimina chai, Waziri kwanza. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi yenyewe, moyo uko kwenye makoti. Alipopita karibu na meza alinyoosha kidole akagusa nyuma ya nembo moja iliyopinduka, pale uzi unapomalizikia. Yeye huufunga uzi mara mbili kisha huuficha chini ya kitambaa, tabia aliyofundishwa na mama yake. Kidole kikakuta fundo, na fundo limefichwa. Hakuhitaji macho kujua ni la nani.

Alirudi kwenye kona yake akaketi.

Baraza lilikuwa limeshampata mwenye kosa. "Makoti yaligawiwa watu wawili," Waziri alisema. "Mmoja anashona akitazama kazi, mmoja anashona akitazama barabara. Sasa sisi tupige ramli ya nini?"

Wote wakamgeukia Binti Mfalme. Msichana alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Kwa kawaida alikuwa na jibu kabla ya swali. Leo alitazama chai yake tu, kwa sababu jana kengele ya baiskeli ilisimama mbele ya dirisha muda mrefu kuliko siku zote, na kwa kweli yeye mwenyewe hakukumbuka alishona vipi.

"Inawezekana ni mimi," akasema taratibu.

"Inawezekana?" Liwali akauliza. "Taji si kifungo, dada. Kifungo hakina juu wala chini."

Sultani hakufoka tena, na hapo ndipo Raia alipoanza kuogopa. Alizungusha futi mkononi, akasema kwa upole, "Binti yangu, naona umechoka. Nenda kapumzike nyumbani kidogo. Nitakuita."

Chumba chote kilijua maana ya hayo. Msichana akaweka kikombe chini, akaanza kuokota vitu vyake: mkasi mdogo, kibati cha vifungo, kitana.

Raia alikuwa mtu wa kutazama, na wakati huo aliyaona mengi, mengine ndani yake mwenyewe. Aliona kwamba hakuna aliyemgeukia yeye. Aliona kwamba kesho kazi ingeendelea, na kwamba kama Binti Mfalme akiondoka, hakuna tena mwingine wa kugombea dirisha. Jambo lilikuwa limepangika vizuri kiasi kwamba angeweza kusema dua yake imejibiwa. Akaliangalia wazo hilo kidogo, akalijua halikutoka kule anakopeleka dua zake.

Akasimama. "Raia ana neno."

Kijiko cha Waziri kikasimama ndani ya kikombe. "Eh. Haki ile ya siku ile. Asikilizwe, chai bado ya moto."

"Mwacheni huyo mtoto arudishe kibati chake," akasema. "Aliyepindua ufalme ni mimi."

"Mama, usimbebee mtu mzigo," Sultani akamwambia.

"Sijabeba cha mtu. Pindua koti uangalie mwisho wa uzi. Yenye fundo lililofichwa ni yangu."

Waziri akachukua koti, akalipindua, akalisogeza puani, akachukua la pili. Akaitikia kwa kichwa.

"Sasa, mama," Balozi aliingilia, maana hata yeye alikuwa ameshakolea, "ulikuwa na ugomvi gani na taji?"

"Sina ugomvi nalo, mwanangu. Sikujua ni taji. Nilipapasa nikakuta huku bapa, huku miguu mitatu. Nikasema, hoteli ni mahali pa kupika, hili litakuwa jiko. Nikalisimamisha kwa miguu yake, kama jiko linavyokaa."

Wa kwanza kuvunjika mbavu alikuwa Balozi. Alijishika tumbo chini ya taji lililopinduka, akarudi kwenye kioo, akajitazama, akasema, "Wallahi ni jiko," kikawa kicheko cha chumba kizima. Liwali alilazimika kuiinua pasi isiunguze kitambaa. Binti Mfalme alicheka huku machozi ya kufukuzwa hayajakauka.

Sultani pekee hakumaliza kicheko chake. Kilimfia katikati. "Umesema ulipapasa," akasema. "Kwa nini mshona nembo apapase?"

Hilo ndilo swali ambalo Raia alikuwa akilikwepa kwa karanga, baridi na ganzi. Sultani akachukua sindano kwenye kijimto chake, akakata uzi, akampa. "Tia."

Alijaribu palepale kwenye kona yake. Uzi ukapita kulia. Akaulamba, akausokota, ukapita kushoto. Feni ilisikika. Liwali, bila kuambiwa, aliigeuza feni isimtazame yeye, imtazame Raia, na hilo halikuwahi kutokea. Halikusaidia. Uzi ukapita chini.

"Mama," Sultani alianza, na ile sauti ya upole ilikuwa inarudi.

"Ngoja, bwana. Chai haijapoa."

Alifungua mkoba wake akatoa miwani ya marehemu, kubwa, mguu mmoja umefungwa uzi mweusi. Akaivaa mbele ya wote. Kisha akavuka chumba, akapita cherehani ya Waziri, akafika kwenye kiti kilichofunikwa shuka. Hakukikalia. Alisimama pembeni yake, akainua sindano kwenye mwanga wa dirisha, na uzi ukaingia kama mwenyeji anayerudi kwake. Akauchomoa, akautia tena, wasije wakasema ni bahati.

"Macho yangu hayajafa," akasema, bado amewapa mgongo. "Yamezeeka tu, yanataka mwanga. Nimewaficha kwa sababu niliogopa kupumzishwa. Hapo nimekosa, na huyu mtoto karibu aumie kwa ajili yangu. Neno langu ndilo hilo."

Sultani alikaa kwenye ukingo wa meza ya kukatia. Aliitazama sindano, akamtazama mama yule na miwani yake ya mguu mmoja wa uzi. "Nikikupumzisha wewe," akasema mwishowe, "mimi nitakuwa sultani wa nani? Wa hawa?" Akamwonyesha Liwali kwa mkasi. "Jambo lenyewe ni rahisi kumbe. Kuanzia leo wewe ni Malkia. Ondoa shuka, keti, shona."

"Hapana."

"Hapana vipi?"

"Nilishakwambia siku ya kwanza. Mfalme wangu ni mmoja. Nikianza kuitikia Malkia saa hizi nitamwambia nini nikipiga magoti jioni?"

"Ni mchezo, mama."

"Mchezo wenu nimeucheza vizuri. Nimelipa kodi mpaka maganda. Lakini hicho hapana."

Sultani akamgeukia Waziri, na Waziri akakuna kidevu kwa raha ya mtu aliyesubiri kesi kama hii maisha yake yote. Sheria inasema dirishani ni pa Malkia. Raia si Malkia. Raia hataki kuwa Malkia. Kumpa raia mahali pa Malkia ni kuvunja sheria. Kumtawaza kwa nguvu ni kuvunja raia. "Nahitaji kikombe kingine," akasema.

"Kwani mahali ni dirisha au ni kiti?" Raia akauliza. "Kama ni kiti, kiti kina miguu. Kipelekeni mtakako, ufalme ukifuate. Dirisha ndilo halihamishiki."

Walitazamana. Balozi alikuwa wa kwanza kuvua koti na kukunja mikono ya shati. Wakakiinua kile kiti chekundu wanaume wanne, kizito kama kimejaa mawe, wakakivusha chumba mpaka kwenye kona ya pasi, chini ya ile balbu inayosinzia. Kisha wakaileta cherehani ya Raia dirishani, na benchi la mbao lisilo na mto. Akaketi, akajaribu mkono wake kwenye mwanga. Aliona vinyweleo vya kitambaa. Aliona hata vumbi lililokuwa limekaa kwenye gurudumu la cherehani yake, akaona aibu, akalifuta.

"Na Malkia?" Liwali akauliza. "Kiti kipo, hakina mtu."

"Mimi," akasema Binti Mfalme upesi, kabla baraza halijabadili mawazo. Akatawazwa papo hapo kwa futi ya Sultani iliyozungushwa kichwani. Aliondoa shuka, akaketi, akaweka mikono yake juu ya mikono ile ya kuchongwa. Alipendeza hasa. Jasho likaanza kumtoka.

Sultani akamwahidi Balozi makoti yake jioni, kila taji limesimama kama inavyotakiwa. Balozi akaondoka akisema lile moja alilojaribu kwenye kioo, lenye jiko, lisifumuliwe, atampa mpishi wake. Kazi ikaanza. Raia alikuwa anafumua, Malkia mpya naye anafumua, kila mtu mahali pake.

Kengele ya baiskeli ikalia barabarani.

Vifungo vikaanguka kule kwenye kona. Vilibingirika, lakini kutoka kule mpaka dirishani palikuwa na safari, na katikati palikuwa na meza ya pasi, majora na miguu ya Waziri. Malkia aliinuka kitini kwake, akanyoosha shingo, akaona mvuke. Kengele ikalia tena, ikangoja kidogo, ikaenda zake.

Akaketi. Aliitazama mikono ya kuchongwa, akautazama ukuta. Halafu akachukua kibati chake cha vifungo, akavuka chumba, akasimama mbele ya benchi.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Hivi uraia unaombwaje?"

"Cheo umekuwa nacho tangu lini? Futi haijapoa kichwani."

"Nimejiuzulu. Kiti kina joto."

Raia alisogea, akapiga ubao wa benchi kwa kiganja. Msichana akaketi upande wa barabarani. Kule kwenye kona Liwali alikuwa ameshahamia kwenye kiti cha enzi, pasi imezimwa, kidevu kifuani, anatawala kwa kukoroma. Waziri naye alikuwa anaisogezasogeza cherehani yake kuelekea kwenye mwanga, kidogokidogo, kama mtu ambaye hafanyi chochote.

"Naona raia wanazidi," Sultani akasema kutoka kwenye meza yake. "Kodi ya karanga nitaidai wapi sasa?"

"Ziko kwenye mkoba," Raia akamjibu. "Njoo uchukue mwenyewe."

Na Sultani akaja.

Raia akachukua nembo iliyofuata, akairekebisha miwani puani, akaishika kwenye mwanga. Ncha tatu, kila moja na kitone chake cha dhahabu. Akaigeuza huku, akaigeuza kule.

"Juu ni hapa, mama," msichana akamwonyesha kwa ncha ya sindano. Kisha akanong'ona, "Lakini kweli ulidhani ni jiko?"

Mama akaiweka nembo kifuani mwa koti, ncha juu, akachoma mshono wa kwanza. "Nakwambia wewe tu, usiwaambie wakubwa hawa," akasema. "Mpaka sasa naona jiko lingewafaa zaidi."